Bakteria Walao Sumu ya Kiwandani



Somo letu safari hii ni maji machafu ya kiwandani. Wengi wetu tunakaa upande wa chini wa mto, na maji hayo hutufuata hadi nyumbani.

Tuchukue fenoli, inayotumika kutengeneza gundi ya plaiwudi. Ikimwagika juu ya ngozi huitia ganzi, hata mtu asisikie kwamba anaungua. Lakini wapo bakteria, kama wale waitwao Pseudomonas, ambao chakula chao ni fenoli hiyo hiyo. Wakipata hewa ya kutosha huivunjavunja, ikabaki maji na hewa ya ukaa, nao wakazaana.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya tangi. Maji machafu huingia bila kukatika, na kiasi kile kile hutoka upande wa pili. Tuseme tangi ni la lita 1,000, na kila saa zinaingia lita 100. Basi kila saa karibu sehemu moja ya kumi ya bakteria huchukuliwa na maji. Kama idadi yao hurudufika kila baada ya saa 5, kwa saa moja huongezeka kama sehemu moja ya saba, na pengo huzibika. Sasa msimamizi ana haraka, bomba linafunguliwa hadi lita 200. Karibu sehemu moja ya tano inaondoka kila saa! Kundi hupungua mpaka likaisha, na sumu hupita kama ilivyoingia. Hakuna kengele itakayolia.

Hesabu hii ilielezwa mwaka 1950 na Jacques Monod wa Paris, na pia Novick na Szilard wa Chicago. Lakini tangu mwaka 1914, huko Manchester, Uingereza, Ardern na Lockett walikwisha kuonyesha njia: tope lenye bakteria liachwe litulie, kisha lirudishwe tangini lifanye kazi tena.

Hatari nyingine ni pipa zima kumwagwa mferejini usiku. Fenoli kidogo ni chakula. Ikizidi, huwadhoofisha walaji wenyewe. Wakila polepole, sumu hurundikana, nao huzidi kudhoofika. (Hawa hawajui kugoma, ndugu, hufa tu.)

Kwa hiyo tunadai tangi la akiba, ili maji makali yaingizwe kidogo kidogo. Tena mtunza bomba awe na haki ya kulifunga bila kungoja ruhusa ya meneja, na apewe glavu za mpira.