Kurudisha Kompyuta Kuukuu Katika Hali ya Kiwandani Bila CD

Chukua mfano wa katibu wa chama cha akina mama kule Marafa. Laptopu yake ni ya mkono wa pili, na ndani yake mna daftari la michango ya wanachama, barua za kuomba kazi za kijana wake, na picha za marehemu babake. Siku hizi akiiwasha asubuhi, chai huchemka na kunywewa kabla skrini haijatulia. Matangazo hujifungua yenyewe, na kila programu hukwama njiani. Anaipeleka kwa fundi, na swali la kwanza ni: "Mama, CD zake ziko wapi?"

"Mwanangu, nilipewa kompyuta na chaja yake tu. CD sikuziona."

Mara nyingi mambo huishia hapo. Kompyuta hufunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, au huvushwa daraja la Sabaki hadi Malindi, ambako inaweza kufutwa yote kabla mwenyewe hajaulizwa ndani mna nini. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 2000 na 2010 hazikuuzwa na CD kabisa. Watengenezaji walipunguza gharama kwa kutenga sehemu ya diski kuu, yaani kile chombo cha ndani kinachohifadhi kila kitu, na kuficha humo nakala ya Windows kama ilivyotoka kiwandani. Mnunuzi alitarajiwa kujitengenezea CD zake siku ya kwanza. Wachache walifanya hivyo. Lakini ile nakala iliyofichwa, ikiwa haijaguswa, ingali mle ndani.

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, yaliyomo yaokolewe. Kazi hii ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu kurudisha hali ya kiwandani hufuta kila kilichoongezwa tangu siku kompyuta iliponunuliwa. Vitu havina uzito mmoja. Cheti cha PIN cha KRA hupakuliwa tena kwenye iTax, na akaunti ya eCitizen haikai ndani ya kompyuta. Picha ya marehemu haipakuliwi popote. Daftari la michango likipotea, chama kinabaki na maneno ya mtu dhidi ya maneno ya mwenzake.

Faili huokolewa kwa kunakiliwa kwenye flashi au diski ya nje. Watu hukumbuka kabrasha la Documents na la Pictures, wakasahau yaliyotandazwa kwenye skrini yenyewe na yaliyolundikana katika Downloads. Nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari nazo huenda, kwa hiyo ziandikwe pembeni kwanza. Ikiwa kompyuta imetumiwa na watu wawili wenye majina tofauti ya kuingilia, kila jina lina makabrasha yake, na yote yakaguliwe. Zinakiliwe nyaraka, picha, sauti na video peke yake. Programu zisinakiliwe, kwa kuwa virusi hupenda kujificha humo na vitarudi pamoja nazo. Baadaye flashi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, na faili kadhaa zifunguliwe kweli, zisitazamwe majina tu. Kwa vitu visivyo na mbadala, nakala mbili katika sehemu mbili si woga.

Diski kuu isikilizwe pia. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga-gonga, au kunakili picha chache kunachukua saa nzima, huenda diski yenyewe inakufa. Hapo kurudisha hali ya kiwandani hakutasaidia na kunaweza kuimaliza. Faili ziokolewe upesi, kisha diski ibadilishwe.

Jambo jingine dogo linalosahaulika ni kibandiko kilicho chini ya laptopu au ubavuni mwa kompyuta ya mezani. Kwenye mashine za Windows XP, Vista na 7, kibandiko hicho kina herufi na tarakimu 25 ambazo ndizo leseni ya mwenyewe. Jasho na vumbi huzifuta. Kipigwe picha kwa simu kingali kikisomeka.

Kazi yenyewe huchukua kuanzia saa moja hadi saa kadhaa, na stima ikipotea katikati mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo iunganishwe na kifaa cha kuhifadhi umeme, au kazi ipangiwe wakati ambao stima huwa imetulia.

Sasa kuhusu ile nakala iliyofichwa. Kwenye Windows 7, mwenye kompyuta abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Computer, achague Manage, kisha Disk Management. Diski itaonekana imegawanywa vipande. Kipande chenye jina kama RECOVERY, au PQSERVICE kwa mashine za Acer, ndicho kinachotafutwa. Kikiwepo, kompyuta izimwe, iwashwe tena, na kitufe cha kampuni yake kibonyezwe mara kwa mara kabla nembo ya Windows haijatokea. Kwa HP ni F11, kwa Asus ni F9, kwa Samsung F4. Kwa Acer ni Alt na F10 kwa pamoja. Toshiba hutaka tarakimu sifuri ishikiliwe tangu mashine inapowashwa. ThinkPad nyingi hutumia F11 au kitufe cha buluu cha ThinkVantage, na laptopu nyingine za Lenovo zina kitufe kidogo kando ya kile cha kuwashia. Dell za enzi ya Windows 7 huanza kwa F8, halafu Repair Your Computer. Zile kongwe za XP hutumia Ctrl na F11.

Ikiwa Acer haijibu, si lazima nakala iwe imepotea. Mara nyingi mipangilio ya awali ya mashine, ile inayofunguka kwa F2, ina mstari wa D2D Recovery uliozimwa. Uwashwe, kisha F10 ihifadhi.

Kwa Windows 8 na 10 njia ni fupi zaidi. Kwenye Windows 10, ndani ya Settings, chini ya Update & Security, kuna ukurasa wa Recovery wenye maneno Reset this PC. Kompyuta huuliza kama ibakishe faili za mwenyewe au iondoe kila kitu. Kubakisha faili hakumwondolei mtu haja ya kuzinakili kwanza. Matoleo ya karibuni ya Windows 10 huuliza pia kama Windows ipakuliwe kutoka intaneti au itokane na mashine yenyewe. Kupakua kunaweza kumeza zaidi ya GB 4 za bando, kwa hiyo ichaguliwe Local reinstall, isipokuwa Windows yenyewe imeharibika. Aliyesahau nywila yake anaweza kufika mahali hapo kwa kushikilia Shift huku akibonyeza Restart kwenye skrini ya kuingilia.

Kuna kompyuta ambazo hazina nakala yoyote. Hizi mara nyingi ni zile za maofisi ya ng'ambo zinazouzwa kama mitumba: diski zake zilifutwa au kubadilishwa kabla hazijafika pwani. Hapa hutakiwa flashi tupu ya GB 8 au zaidi, na kompyuta nyingine nzima yenye intaneti nzuri. Tovuti ya Microsoft hutoa bure programu ya kutengenezea flashi ya kusakinisha Windows 10, na mashine iliyokwisha kuwa na leseni ya Windows 10 hujitambua yenyewe baada ya kuunganishwa na intaneti. Windows za kuchonga, zinazopita kutoka flashi hadi flashi zikiwa "zimefunguliwa" tayari, ziepukwe. Aliyezifungua anaweza kuwa ameacha mlango wake mwenyewe humo ndani.

Kompyuta ikisharudi upya, shida mbili hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba haioni Wi-Fi. Simu yenye bando ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, mara nyingi kompyuta hupata mtandao na kuweza kutafuta programu inayokosekana. Ya pili ni tovuti zote kudai kwamba si salama. Tarehe itazamwe: betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 ikiisha ndani ya mashine, saa hurudi nyuma miaka mingi kila mashine inapozimwa, na tovuti hukataa kuaminika. Kubadilisha betri hiyo ni kazi ya dakika chache.

Kurudi kiwandani pia ni kurudi nyuma kwa miaka. Microsoft iliacha kutengeneza kinga za Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, za Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hukataa mashine nyingi za kabla ya 2018. Kompyuta ya Windows 7 iliyorudishwa upya inafaa kuandikia kumbukumbu za chama na kuchapishia, lakini si mahali pa kuingilia benki, iTax au eCitizen. Kwa anayetaka kuingia intaneti na mashine hiyo hiyo, Linux Mint ni bure, hupata kinga mpya, na programu yake ya LibreOffice hufungua faili za Word na Excel. Itachukua wiki moja kuizoea. Kwa laptopu nzima iliyozeeka, hilo ni chaguo bora kuliko kurudi kwenye XP.

Kompyuta inayouzwa au kupewa jamaa ina suala lake. Kurudisha hali ya kiwandani kwa njia za zamani huandika juu ya sehemu tu ya diski, na nakala za vitambulisho na picha za watoto zinaweza kufukuliwa kwa programu maalumu. Windows 10 ina chaguo la kusafisha diski kwa kina wakati wa Remove everything. Huchukua saa nyingi, na lichaguliwe. Kwa mashine za kale zaidi, njia ya hakika ni kuitoa diski kuu na kubaki nayo. Shule, zahanati au ofisi inayohifadhi taarifa za watu ina wajibu juu ya taarifa hizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hata kompyuta inapotoka mlangoni kwenda kwa mnunuzi.

Katibu wa chama, baada ya laptopu yake kutulia, anafaa kumalizia kazi moja kabla ya kurudisha faili zake. Kwenye Windows 10 aandike Create a recovery drive kwenye nafasi ya kutafutia, achomeke flashi tupu ya GB 16 au zaidi, na kuiacha mashine ijitengenezee nakala yake. Flashi hiyo ibandikwe karatasi yenye jina la kompyuta na tarehe, iwekwe pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na isiazimwe mtu wa kutilia nyimbo.