Dondoo muhimu: Bomba la maji lisikupige shoti

Ukigusa koki ukahisi ganzi, usiizoee. Huo ni umeme unaovuja, mara nyingi kutoka kwenye hita ya bafuni au pampu ya maji. Ukikukuta umelowa na uko pekupeku, unaweza kukuua.

• Zima mein swichi, usiguse koki tena, mwite fundi umeme mwenye leseni. Watoto wasioge hadi apime.

• Mabomba ya chuma yaungwe na ethi kuu ya nyumba kwa waya wa kijani na njano. Kwa nyumba nyingi, waya wa milimita 10 za mraba unatosha.

• Klampu ya kubana waya huo ikae karibu na bomba linapoingia ndani, mahali panapoonekana. Kwanza bomba lisuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, maana rangi na kutu huzuia umeme kupita.

• Bomba si mbadala wa fimbo ya ethi. Siku kipande kilichozikwa kikibadilishwa kwa plastiki, nyumba nzima hubaki bila ethi, na hakuna atakayejua.

• Mabomba yote ni ya plastiki? Hayahitaji kuungwa. Hita na pampu bado zinahitaji ethi yake, kwa kuwa maji yenyewe hupitisha umeme.

• Funga kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kila baada ya miezi 6 bonyeza kitufe chenye herufi T. Kisipokata, kibadilishwe mara moja.

Ukijenga, dai ethi ipimwe mbele yako kabla hujamlipa fundi.