SOMO: BOKSI LA KARATASI LA KUBEBEA CHAKULA NA ATHARI ZA UNYEVU

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Makatazo hayo yalilenga mifuko, lakini yamewafanya wananchi wengi waitazame karatasi kuwa mbadala wa plastiki hata kwa chakula. Hivyo inafaa wauzaji wa chakula, pamoja na watumishi wanaoagiza chakula cha mikutano, waelewe uwezo wa boksi la karatasi na mipaka yake.

Karatasi ni nyuzinyuzi za mti zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Maji yakipenya kati yake, mshikamano huo hulegea. Karatasi ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuzuia maji, ikilowa kabisa, hubakiwa na takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo ilipokuwa kavu. Hata unyevu wa hewa pekee unatosha kuleta madhara. Boksi lenye karatasi ya mawimbi katikati hupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuhimili uzito pale unyevu wa hewa unapopanda kutoka asilimia 50 hadi asilimia 90.

Kutokana na hayo, boksi moja hukutana na maadui wawili. Visiwani na mwambao, adui wa kwanza ni hewa yenyewe: maboksi yaliyorundikwa sakafuni katika stoo yenye unyevu huwa yamekwisha kudhoofika kabla ya kutiwa chakula. Huko Bashay, Mkoa wa Manyara, katika nyanda za juu ambako asubuhi huwa na baridi, adui mkubwa ni mvuke wa chakula chenyewe. Wali wa moto ukifunikwa na kubebwa kwenye pikipiki, mvuke hugusa kifuniko kilichopoa, hugeuka matone na kurudi chini. Boksi hulowa kutoka ndani, kitako kikalegea, na mchuzi wa moto ukaweza kumwunguza mbebaji.

Viwanda hukabili tatizo hili kwa kupaka karatasi utando mwembamba. Utando wa plastiki ya kawaida huzuia maji vizuri, ila boksi la namna hiyo halifai kutupwa kwenye shimo la mboji, kwa kuwa plastiki haiozi. Utando unaotokana na wanga wa mimea huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi, nao hauvumilii mchuzi uliotoka jikoni sasa hivi. Dawa za kuzuia mafuta zenye florini nazo zimetiliwa shaka kiafya. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa hizo haziuzwi tena nchini humo kwa ajili ya vifungashio vya chakula.

Mnunuzi anaweza kulipima boksi kabla ya kununua shehena. Adondoshe tone la maji ndani ya boksi na kungoja dakika moja. Tone likizama na kuacha doa jeusi, utando haupo au ni hafifu. Kisha akate kipande na kukisimamisha ndani ya chai ya rangi. Utando hulinda uso tu, bali maji hupanda kupitia ukingo uliokatwa. Ndiyo sababu boksi nyingi huanza kuvuja pembeni na kwenye maungio, si katikati.

Wahusika wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Maboksi yahifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu.

2. Chipsi na vyakula vya kukaanga vichujwe mafuta na kuachwa vitoe mvuke kwa muda mfupi, kisha vifungwe katika boksi lenye matundu.

3. Mchuzi, maharage na supu vitiwe katika chombo chenye mfuniko kinachoweza kuoshwa na kutumiwa tena.

4. Magazeti yaliyokwisha kusomwa yasitandikwe chini ya chakula, kwa kuwa wino huhamia kwenye mafuta.

5. Chakula cha mkutano kiliwe mapema. Boksi lililolowa ni dalili kwamba chakula kimekaa humo muda mrefu kikipoa, na chakula vuguvugu ndicho vijidudu hukipenda zaidi.

Boksi la karatasi ni chombo kizuri kwa chakula kikavu na safari fupi. Likipewa kazi isiyo yake, hasara humwangukia muuzaji, na madhara humpata mlaji.