Mafua yasiyokwisha: je, nimfungie mwanangu ndani?

SWALI: Daktari, tunaishi Njombe mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji kadhaa wanaotumia ua mmoja. Mwanangu wa kwanza ana miaka mitatu na nusu, mdogo wake ana miezi mitano. Tangu Juni huyu mkubwa hajatulia: akipoa mafua wiki hii, wiki ijayo anaanza tena, na sasa Agosti inaisha. Anashinda akicheza na watoto wa wapangaji wenzangu, na wote wana makamasi. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, ananiambia nimfungie ndani mpaka baridi iishe na nisiruhusu watoto wa watu kuingia kwangu. Jirani mmoja anasema mtoto ana kimeo kirefu, apelekwe kukatwa. Mimi nimekuwa nikinunua amoksilini dukani kila anapokohoa. Sitaki kugombana na mtu, lakini namwogopea huyu mdogo. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Njombe

JIBU: Mama, usimfungie. Mvalishe vizuri, mwache atoke, acheze na wenzake juani. Na kimeo chake kisiguswe na mtu yeyote.

Nianze na hilo la kimeo, maana haliwezi kusubiri. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kila mmoja wetu anacho. Mtoto akikohoa siku nyingi, koo lote huwa jekundu na kimeo nacho huvimba kidogo, kwa hiyo anayemchungulia mdomoni hukiona kirefu. Kikohozi ndicho kilichokivimbisha. Ukikikata, virusi vinavyomkohoza vinabaki palepale, ila sasa mtoto ana kidonda kibichi kooni, kilichokatwa kwa kifaa ambacho hujui kilimkata nani kabla yake. Mtoto wa kilo 14 ana damu ya takriban lita moja tu mwilini mwake. Akivuja damu usiku, mbali na hospitali, muda wa kumwokoa ni mfupi mno. Jirani yako mwambie kwa upole kwamba daktari amekataa, na lawama nitwishwe mimi.

Sasa mafua yenyewe. Mtoto mdogo mwenye afya njema kabisa hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi huangukia miezi ya baridi. Kila mafua huchukua kama siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kubaki nyuma hadi wiki ya tatu. Ukipiga hesabu ya Juni hadi Agosti utaona kwamba mtoto anaweza kuonekana mgonjwa msimu mzima bila kuwa na kasoro yoyote mwilini. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya 200, na kupona kimoja hakumkingi mtu na kingine. Nionavyo, mwanao hajaugua mafua mamoja ya miezi mitatu. Ameugua mafua matatu au manne yaliyofuatana.

Lipo jambo moja ninaloomba ulikumbuke vizuri. Je, katikati kulikuwa na siku ambazo aliamka pua kavu, akala, akacheza, bila kukohoa? Kama zilikuwapo, tulia. Kama kikohozi hakijakatika hata siku moja kwa wiki mbili au zaidi, au uzito wake kwenye kadi ya kliniki umesimama au unashuka, mpeleke kituo cha afya achunguzwe, pamoja na kifua kikuu. Kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu, nendeni naye.

Kumfungia hakutakuondolea tatizo, kutaliahirisha tu. Virusi asivyokutana navyo uani mwaka huu atakutana navyo chekechea mwaka ujao, na atapitia mafua hayohayo wakati huo. Na katikati hapo utakuwa umemnyima wenzake, ambao kwa umri wake ndio wanaomfundisha kuongea, kusubiri zamu na kugombana kisha kupatana.

Lakini mama mkwe hajasema upuuzi, na ningependa umsomee sehemu hii. Suala la baridi na mafua limewashughulisha hata wanasayansi. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu walijitolea kutiwa puani matone yenye virusi. Katika majaribio ya mwanzo, baadhi yao walioga maji ya moto kisha wakasimama kwenye ujia wenye upepo mkali, miili ikiwa imelowa. Hawakuugua kuwazidi wenzao waliokaa kwenye joto. Ikaonekana kwamba baridi haina hatia. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwaweka watu 90 miguu ndani ya maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 miguu yao ikakaa kwenye beseni tupu. Siku nne tano zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wana mafua. Wa kundi la pili walikuwa 5. Maelezo yao ni kwamba huenda baadhi ya wale watu tayari walikuwa na virusi puani, na baridi iliupunguzia mwili nguvu ya kuvizuia.

Kwa hiyo bila virusi hakuna mafua, hata upepo wa Njombe uvume namna gani. Ila mtoto aliyepoa miguu anaweza kushindwa na kirusi alichokwisha kukipata. Sweta, kofia, soksi kavu: hapo mama mkwe yuko sahihi. Mlango wa kufunga ndio aliokosea, na sababu yake ni hii.

Tazama siku inavyokwenda kwenye ua kama wenu. Jua likishapanda watoto wako nje, wanacheza kombolela, wanapika udongo kwenye makopo, wanakimbiza tairi. Mmoja akikohoa, upepo unayachukua matone yake. Inapofika saa kumi na mbili jioni baridi inaanza kuuma, na kundi zima linahamia kwenye chumba chenye televisheni. Mlango unafungwa, dirisha limeshazibwa na kanga, jiko la mkaa linawekwa katikati. Watoto sita wamebanana mkekani saa mbili nzima, wanavuta hewa moja. Hapo ndipo mafua yanapogawanywa. Ukimfungia mwanao ndani mchana kutwa, unamwongezea saa za kukaa kwenye chumba hicho.

Na lile jiko linanitisha kuliko makamasi yote ya ua. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Ubaya wake mwingine hauonekani. Mkaa uliokolea, mwekundu, usiotoa moshi tena, bado unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia hulala na jiko chumbani, asubuhi majirani wanavunja mlango. Ukiona watu wote chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, wana kizunguzungu, wanatapika au wana usingizi usio wa kawaida, toka nje na watoto wote kwanza, maswali baadaye, kisha nendeni hospitali. Jiko liwashwe na kupikiwa nje au jikoni penye hewa, na lisiingie kabisa chumba mnachokaa wala mnacholala. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie kupikia ifikapo 2034, na nauunga mkono kwa moyo wote, lakini watoto wako wanalala leo. Joto walipate kwa kulala pamoja na mtu mzima, blanketi la ziada, na nguo mbili tatu zilizopandana.

Basi agizo langu la kwanza: watoto wa wapangaji waendelee kucheza, ila wachezee nje kwa kadiri jua linavyoruhusu. Jioni wakiingia kwako, dirisha liachwe wazi kidogo na jiko libaki nje.

Agizo la pili linamhusu mdogo. Mtoto wa miezi mitano hupumua zaidi kwa pua, na njia zake za hewa ni nyembamba. Mafua yanayomfanya kaka yake apige chafya tu yanaweza kumshukia yeye kifuani. Sasa tazama mkono wa sweta wa mtoto yeyote mwenye mafua: kuanzia kifundoni kwenda juu umekakamaa na kung'aa kwa makamasi yaliyokauka. Mkono huohuo ndio unaokuja kumshika mdogo shavuni kwa upendo. Usimfukuze kaka mtu. Mfundishe kwamba akitoka kucheza anavua sweta la nje, ananawa kwa sabuni, halafu ndiyo anamshika mdogo, na anamshika miguuni, si usoni. Agosti maji ya bomba yanauma, na mtoto atakwepa kunawa. Wekeni kibuyu chirizi uani na mkichanganyie maji ya uvuguvugu. Majirani wazima nao wenye mafua wasimbusu mtoto. Hilo si la kumwonea mtu haya.

Mdogo akizibwa pua, chukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, changanya na chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, umdondoshee matone mawili kila tundu kabla ya kunyonya. Changanya mapya kila siku. Mnyonyeshe mara nyingi, hata kama ni kidogo kidogo.

Jambo la tatu ni kuhesabu pumzi, na nakusihi ulijue kabla hujalihitaji. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na wengi wangeweza kuokolewa kwa dawa ya bei nafuu iliyoanzwa mapema. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mlaze, pandisha sweta mpaka uone tumbo na kifua. Weka simu isome dakika moja kamili, usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha, maana watoto wadogo hupumua bila mpangilio. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, ni 40 au zaidi. Ukipata namba hizo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usisubiri kuhesabu chochote kama kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, kama anakoroma au kutoa mlio akiwa ametulia, kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hapo ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na homa yoyote ipimwe malaria. Njombe ina malaria kidogo kuliko mikoa mingi, lakini mtoto aliyetoka kumtembelea bibi kule Ludewa ziwani au Kyela anaweza kurudi nayo.

Kuhusu amoksilini, naomba uiache dukani. Haiui virusi vya mafua. Kamasi likigeuka la njano au kijani, hiyo ni hatua ya kawaida ya mafua, haidai antibayotiki. Dawa hiyo ndiyo tunayoitegemea mtoto anapopata nimonia ya kweli, na kila dozi isiyohitajika inawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Dawa za maji za kikohozi nazo hazimsaidii mtoto wa umri huu, na zinaweza kumdhuru. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo, na vifo hivyo vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochanganyika na kemikali ya sumu. Kwa huyu mkubwa, nusu kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi vizuri. Mdogo asionjeshwe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vimelea vya sumu inayopooza misuli ya mtoto mchanga. Homa ikiwasumbua, parasetamoli kwa uzito wa mtoto, kama mhudumu alivyokuelekeza, aspirini kamwe. Na usiwafukize kwa nyungu: sufuria la maji ya moto likipinduka, mtoto ataungua vibaya.

Majirani zako sidhani kama utagombana nao. Nao wamechoka kukesha na watoto wanaokohoa. Waite jioni moja uani, mkubaliane mambo manne tu: majiko yabaki nje, madirisha yafunguliwe, kibuyu chirizi kijazwe kwa zamu, na mtoto mwenye homa apumzike kwao mpaka ipoe. Mwombe mama mkwe awe ndiye msemaji. Akisema mtu mzima, ua mzima utasikiliza.

Mwisho, fungua kadi ya kliniki ya mdogo leo. Kwa miezi mitano anapaswa kuwa amekamilisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zikiwamo zile mbili zinazokinga aina kali za nimonia. Mkubwa awe amepata ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Ukikuta pengo, wapeleke kliniki wiki hii. Mafua madogo hayazuii chanjo, na chanjo hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali.