SOMO: KIJANA MFANYAKAZI NA BIMA YA MAISHA NA YA MARADHI MAZITO

Mfanyakazi anapoanza kazi huelezwa mapema habari za mshahara, likizo na michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Ni nadra kuulizwa suali jengine: iwapo atafariki au atapatwa na maradhi mazito angali kijana, nani atawatunza wanaomtegemea? Somo hili linaeleza aina mbili za bima zinazohusika na suali hilo, na namna ya kuzichagua kwa gharama nafuu.

Bima ya maisha ya muda maalumu ni mkataba wa miaka inayotajwa, kama 10 au 20. Mkata bima akifariki ndani ya muda huo, kampuni hulipa kiasi kilichokubaliwa. Muda ukimalizika naye yu hai, mkataba hukoma, na kwa kawaida ada hairejeshwi. Hiyo ndiyo sababu ya unafuu wake: ada hununua kinga tu, wala haimo akiba ndani yake. Aidha, ada hupimwa kwa umri na afya. Anayekata bima akiwa na miaka 25 na siha njema kwa kawaida hulipa kidogo kuliko atakayengoja hadi 40.

Bima ya maradhi mazito hulipa fedha kwa mkupuo mmoja, pale daktari anapothibitisha maradhi yaliyoorodheshwa katika mkataba, kama vile saratani, kiharusi au figo kushindwa kufanya kazi. Isichanganywe na bima ya afya, ambayo hulipia matibabu. Mgonjwa anayetoka Wete kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huhitaji pia nauli, malazi na mtu wa kumuuguza. Na huku nyuma nyumba yake haiachi kuhitaji chakula.

Kiasi cha bima kipimwe kwa mahitaji, si kwa maneno ya wakala. Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 26 anayempa mama yake na mdogo wake aliyeko skuli jumla ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mdogo huyo amebakisha miaka 8 ya masomo. Mahitaji ni shilingi 19,200,000. Akiongeza deni la shilingi 3,000,000 lisilo na bima, na kuondoa akiba yake ya shilingi 1,200,000, anahitaji kinga ya shilingi 21,000,000 kwa miaka 8. Hana haja ya kulipia zaidi.

Kabla ya kutia saini, inafaa kuzingatia haya:

(a) Mafao ya warithi yanayotolewa na ZSSF yaulizwe kwanza, yapate kuondolewa katika hesabu.

(b) Bima inayoambatana na mkopo wa benki hulipa deni. Isihesabiwe kuwa ni fedha za familia.

(c) Bima ya maradhi mazito huwa na muda wa kungoja, mara nyingi siku 90. Maradhi yanayogunduliwa ndani ya muda huo hayalipwi.

(d) Fomu ijazwe kwa ukweli. Anayeficha maradhi ili apunguziwe ada huwaachia watu wake dai litakalokataliwa.

(e) Asiyeridhika na bima ya kawaida kwa sababu za dini aulize takaful, ambayo washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana.

(f) Iulizwe iwapo anayetajwa katika fomu atapokea fedha kuwa ni mali yake, au kwa niaba ya warithi wote. Jambo hili likiachwa kimya huzusha magomvi ya mirathi.

(g) Kampuni na wakala wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Mwisho, ada iwe ile ambayo mshahara utaimudu kila mwezi, kwani mkataba usiolipiwa huvunjika. Kinga ndogo inayodumu ni bora kuliko kubwa inayokatika njiani. Mkataba ukishatiwa saini, nakala yake iwekwe nyumbani, na wanaohusika waambiwe ilipo. Tahadhari kabla ya hatari.