SOMO LA WIKI: Visa Sio Mwisho wa Maombi
Soma: Mambo ya Walawi 19:33-34, Matendo 18:1-3

Mtoto wetu akipata visa ya Kanada tunatoa ushuhuda na kupiga vigelegele. Halafu tunanyamaza, na kumbe vita vyake vinaanza akishatua Toronto.

Kanada humpa mhamiaji alama kwa masomo, umri na lugha. Lakini anayetoa alama siye anayetoa kazi. Kuna kuta tatu.

Kwanza, leseni. Nesi au daktari hawezi kushika kazi yake mpaka bodi ya mkoa anakoishi imkubali. Vyeti vihakikiwe, mitihani ifanywe, ada zilipwe.

Pili, "uzoefu wa Kanada." Ndiyo kwanza amefika, ataupata wapi bila kuajiriwa? Mwaka 2013, Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kwamba kushikilia sharti hilo bila sababu maalum ni ubaguzi.

Tatu, jina. Mchumi Philip Oreopoulos alituma kwa waajiri maelfu ya maombi ya kazi yenye masomo na uzoefu unaolingana. Wenye majina ya Kiingereza walipigiwa simu zaidi kuliko wenye majina ya Kihindi, Kipakistani na Kichina. Hakuna aliyekuwa ameona sura ya mtu.

Kwa hivyo, mwanao mwenye digrii akikuambia analinda geti usiku, usimwambie imani yake imepungua. Paulo alishona hema Korintho na utume wake haukupungua. Ila pia hakuacha wito wake. Mtie moyo asiache kufuatilia leseni yake.

Na wewe unayejiandaa kusafiri, anza kuhakikisha vyeti ukiwa hapa nyumbani. Uliza bodi ya mkoa unakoenda inataka nini. Sisi wazazi nasi tupunguze orodha ya mahitaji kila mwisho wa mwezi. Ile pesa huenda ndiyo ada ya mtihani wake.

Neno la Walawi linatugusa hapa pia. Nairobi wako wakimbizi wenye taaluma zao, na wengine wanachuuza barabarani. Tunataka wetu wapokewe kule. Hawa wa hapa tumewapokeaje?

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Ni nani wetu yuko ng'ambo na hatujampigia simu mwaka huu?
2. Jirani yako mgeni alisomea nini? Umewahi kumuuliza?