Somo: Sadaka ya Mwenye Duka Wakati wa Maafa

Tusome: Matendo 11:27–30, 1 Wakorintho 16:1–4.

Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Maafa kama hayo yanapotokea, mwenye duka dogo hujiuliza: Nitoe nini, nami mtaji wangu ni haba?

Njaa ilipotabiriwa, Wakristo wa Antiokia walipima kila mmoja uwezo wake, wakapeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Huyo Sauli, ndiye Paulo fundi wa mahema, aliwafundisha Wakorintho kuweka akiba kila siku ya kwanza ya juma. Hapa twajifunza mambo manne.

1. Tutoe katika faida, si katika mtaji wala mali tuliyokopeshwa. Duka likifungwa, jirani atanunua wapi chumvi kesho?

2. Tutenge kidogo kila Jumapili. Anayengoja maafa yaje hukuta kisanduku kitupu.

3. Tusipeleke unga wenye fukusi na nguo zisizouzika. Mara nyingi fedha hufaa zaidi, maana hununua bidhaa kwa wachuuzi wa huko huko, nao wakasimama tena.

4. Asiyepata faida asipandishe bei wakati wa shida. Hiyo nayo ni sadaka.

Swali la kujadiliana: Juma hili tumetenga nini, na nani mwaminifu atakayetupelekea?